Jiwe Moja Katika Mfuko

Liko neno ambalo husikika mara nyingi watu wakaapo kuzungumza habari za haki. Husemwa hivi: kila taifa lina desturi yake, na lililo haki kwa hawa si haki kwa wale, basi haki yenyewe ni desturi tu, nayo hubadilika kama mavazi. Neno hili lafanana na busara, na vijana wengi hulipenda. Twaona yafaa tulipime, na kwa kulipima tumechagua vitu vidogo sana, yaani mawe ya mizani ya Waebrania na ya Warumi wa kale.

Tuanze na Waebrania. Zamani za Ibrahimu fedha haikuhesabiwa kwa sarafu, ilipimwa kwa mizani. Ndivyo Ibrahimu alivyompimia Efroni shekeli 400, akapata shamba na pango la kumzika Sara. Katika kitabu cha Kutoka twasoma ya kuwa shekeli moja ni gera 20, na nusu yake, yaani gera 10, huitwa beka. Tena kwa hesabu za kitabu hicho hicho talanta moja ni shekeli 3,000. Mawe ya kupimia yaliyochimbuliwa katika nchi ya Yuda yaonyesha kwamba shekeli ilikuwa yapata gramu 11.4. Basi gera ilikuwa yapata gramu 0.57, ndio uzito wa punje mbili hivi za mahindi.

Warumi nao walikuwa na kipimo chao, libra, yapata gramu 327. Waliigawa kuwa unkia 12, kila unkia kuwa skripuli 24, na kila skripuli kuwa silikwa 6. Silikwa ni jina la mbegu ya mkarobu, nayo haifiki hata gramu moja ya tano. Majina haya si mageni kwetu kabisa. Wakia ya wafanya biashara wa pwani ni ile unkia, iliyopita kwa Wayunani na Waarabu hata ikatufikia. Ratili nayo yatoka katika litra, jina la Kiyunani la libra. Ndiyo ratili ya marhamu aliyoileta Mariamu wa Bethania, na zile kama 100 za manemane na udi alizozileta Nikodemo, yapata kilo 33.

Sasa tulinganishe. Gera moja ya Mwebrania yakaribia silikwa tatu za Mrumi. Gera mbili ni kama skripuli moja, na shekeli nzima ni kama skripuli 10. Mataifa mawili, lugha mbili, sheria mbili. Walakini leo mwanafunzi mwenye kalamu aweza kuvusha uzito kutoka kwa hawa hata kwa wale.

Hapo ndipo jibu lilipo. Kama haki ya mizani ingalikuwa desturi tu, isiyo na mguu wa kusimama, tusingaliweza kulinganisha cho chote. Twaweza kwa sababu kila taifa lilishika jiwe lake lisigeuke. Ukubwa wa jiwe ni desturi: Mrumi achague libra, Mwebrania achague shekeli, hapana dhambi. Lakini kwamba jiwe la leo liwe ndilo la kesho, na la mgeni liwe ndilo la ndugu, hilo si desturi. Bila hilo desturi yenyewe haisimami. Kutofautiana si uongo. Uongo ni kigeugeu.

Kwa hiyo Torati haikuwakataza Waisraeli kuwa na jiwe kubwa wala kuwa na jiwe dogo. Iliwakataza kuwa na yote mawili katika mfuko mmoja, moja la kununulia na jingine la kuuzia. Nabii Amosi aliwakemea watu wa namna hiyo, waliopunguza efa na kuongeza shekeli, ili wawapate maskini.

Labda mtu atasema, "Mawe yaliyochimbuliwa hayalingani yote sawasawa, basi hata wale wa kale walikuwa wadanganyifu." Sivyo. Mkono wa mchongaji hukosea kidogo, nalo kosa lake humwangukia muuzaji leo na mnunuzi kesho. Hila ya mdanganyifu haikosei kamwe. Siku zote huangukia upande mmoja.

Mwingine atasema, "Lakini gera moja ni kitu gani?" Twamjibu kwa hesabu. Mwenye kuiba gera moja katika kila shekeli, akifikisha talanta moja, amekwisha kuiba shekeli 150. Tena tumkumbuke mtumishi wa Sauli, aliyekuwa na robo ya shekeli tu mkononi walipokuwa wakitafuta punda. Robo hiyo ni gera tano. Mwenye kumpunguzia gera moja amemwibia sehemu moja ya tano ya yote aliyokuwa nayo. Kipimo kidogo ndicho kipimo cha maskini, na dhuluma ndogo humlemea yeye kuliko tajiri.

Basi, ndugu zetu, kijiji hiki na kipime kwa kopo, na kile kwa debe, na wa mjini kwa kilo. Wakikutana watahesabu na kuelewana. Lakini debe lililobonyezwa kitako halina hesabu ya kulivusha popote, kwa kuwa mwenyewe hataki lijulikane. Mtu akituuliza kama haki ya kwetu ni sawa na ya wengine, tusianze kutazama ukubwa wa kipimo chake. Tutazame kama mfukoni mwake mna jiwe moja, kisha tutazame mwetu.