Damu ya Nani Iliyo Bora?

Mara nyingi barazani, inapotajwa posa, husikiwa neno hili: “Kijana ni mwema, illa damu yake si yetu.” Neno hili twalisikia tangu utotoni, wala hatujamwona aulizaye maana yake. Sisi twaona yapasa liulizwe. Damu ni kitu kinachopimika. Basi natuwaulize waipimao: je, iko damu bora na damu duni?

Mwaka 1901, mjini Vienna, Karl Landsteiner alibainisha kuwa damu za wanadamu ni makundi mbalimbali, na kuwa zisizopatana zikichanganywa chembe zake hushikamana. Baada yake yakajulikana makundi mengine mengi. Moja lilijulikana Uingereza mwaka 1950, kwa mgonjwa ambaye damu yake haikuwa ikiganda upesi, naye alikwisha kutiwa damu ya watu wengine mara nyingi. Likaitwa Duffy, kwa jina la ukoo wake. Kinacholifanya kundi hili ni protini iliyo juu ya chembe nyekundu: mnyororo wa viungo 336, unaofumwa kwa amri ya jeni iliyo katika kromosomu ya kwanza. Aina zake mbili mashuhuri hupambanuka kwa kiungo kimoja tu, nacho ni cha 42.

Mwaka 1955 ikabainika huko Marekani kwamba wengi katika watu wenye asili ya Kiafrika hawana aina hii wala ile juu ya chembe zao. Mwenye kupenda kupanga watu kwa madaraja angaliweza kusema: “Hawa wamepungukiwa.” Lakini mwaka 1976 Louis Miller na wenziwe walionyesha kuwa protini hiyo ndiyo mlango ambao kijidudu cha malaria kiitwacho Plasmodium vivax huingilia katika chembe. Asiye nayo, mlango wake umefungwa. Na mwaka 1995 ikajulikana sababu: ni herufi moja tu ya jeni iliyobadilika, mahali pa kuamrisha kazi yake katika chembe nyekundu. Kilichodhaniwa kuwa upungufu kikawa ngao.

Wala asije mtu sasa akakipindua kiburi, akasema kuwa damu isiyo na Duffy ndiyo bora. Ngao hiyo haizuii Plasmodium falciparum, na hiyo ndiyo malaria iuayo watu wengi zaidi Afrika. Hata vivax yenyewe, mwaka 2010 ilitangazwa kuwa imeonekana Madagascar kwa watu wasio na Duffy. Hakika ni kwamba kila damu ina nguvu yake na udhaifu wake.

Khatari ni pale damu ya baadhi ya watu inapofanywa mizani ya watu wote. Wengi wasio na Duffy huwa na idadi ndogo ya aina moja ya chembe nyeupe, nao ni wazima. Lakini kwa kuwa kipimo kiliwekwa kwa damu za wengine, wako waliodhaniwa wagonjwa, wakapunguziwa dawa au wakanyimwa. Na katika Vita Kuu ya Pili, Chama cha Msalaba Mwekundu cha Marekani kiliitenga damu iliyotolewa na watu weusi, na desturi hiyo haikuachwa mpaka mwaka 1950. Haikuwa elimu iliyoamrisha hayo. Ilikuwa ni kiburi kilichovaa kanzu ya elimu.

Pengine mtu atatujibu: “Mbona mgonjwa wa selimundu atiwaye damu mara kwa mara hutafutiwa damu inayomwafiki, nayo hupatikana zaidi kwa watu wa asili yake? Basi nasaba imo katika damu!” Naam, imo. Damu huchukua khabari za njia walizopita wazee wetu na maradhi waliyopambana nayo. Lakini khabari si cheo. Daktari huuliza, “Je, yaafikiana?” Hata siku moja haulizi, “Je, ni tukufu?”

Wazee walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi twauhukumu mlango, wala hatuingii. Na lililo ajabu zaidi ni hili: usiku mama anapozaa kwa shida, damu ikamwisha, jamaa zake hawaulizi ule mfuko wa damu umetoka kwa mtoto wa mvuvi, au wa mchukuzi, au wa mgeni wa bara. Huupokea kwa machozi ya shukrani. Ikiwa damu ya mtu yule yafaa kuingia katika mishipa ya binti yetu na kumrudishia uhai, kwa hoja gani mwanawe hafai kuingia mlangoni petu na posa?

Mwenye sababu ya kukataa posa naaitaje: tabia, au uvivu, au ulevi. Damu naaiache. Na mwenye afya naaende hospitali akatoe yake, kwa yule asiyemjua.