Kunoa Huja Baada ya Kufua

Mzazi mmoja wa Mbangala, katika Wilaya ya Songwe, ametuletea swali ambalo mwanzoni tulidhani si la ukurasa huu. Kijana wake amemaliza stashahada ya kompyuta, na sasa ataka kufanya mtihani wa cheti cha mitandao kiitwacho CCNA. Amesikia kwamba huko Dar es Salaam kuna kambi ya masomo itakayoanza baada ya majuma mawili, ambamo vijana hufundishwa mfululizo tangu asubuhi hata jioni, kisha huenda mtihanini. Kijana asema, “Baba, ufuta umekwisha kuuzwa, fedha ipo; nisipokwenda sasa nitaachwa.” Mama yake asema kijana hajafungua kitabu tangu atoke chuoni. Naye baba, aliye kati yao, auliza: Ni lini wakati wa kwenda?

Mambo ya ufundi twayaachia mafundi. Lakini neno hili “lini” si la ufundi peke yake. Katika fedha ile ya ufuta limo jasho la mama, na limo fungu la binti wa nyumba ileile anayengoja zamu yake ya kwenda chuo. Achaguaye wakati vibaya hapotezi saa zake tu, bali hutumia na saa za wengine ambao hawakuulizwa. Ndiyo maana twaona kwamba swali la baba huyu ni swali la haki na la busara, nasi hatuna budi kulijibu.

Kwanza yafaa tujue kinachonunuliwa. Cheti hicho hutolewa na Cisco, kampuni ya Marekani iundayo vyombo vya kuunganisha kompyuta. Mtihani wake wa sasa ulianza kutumika Februari 24, 2020, nao huchukua dakika 120. Ada yake imekuwa dola 300 za Marekani, yaani zaidi ya shilingi 700,000, mbali na kodi, nauli na malazi. Swali ukisha kulijibu na kulipita, huwezi kulirudia. Ashindwaye hungoja siku 5, na akitaka kujaribu tena hulipa ada yote upya. Afaulupo, cheti chake hudumu miaka 3. Tena mtahiniwa halazimishwi kupitia kambi yoyote. Aweza kujisomea kwao na kwenda mtihanini moja kwa moja. Basi kambi ni msaada, si mlango. Twasema hivyo kwa sababu wako wazazi ambao hudhani wanaununua mlango.

Sasa wahenga wetu wametuachia methali mbili ambazo husikika kama zinagombana. Moja yasema haraka haraka haina baraka. Nyingine yasema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Kijana ameishika ya pili, mama ameishika ya kwanza, na kila mmoja aona ameshika hekima yote. Kumbe methali hizo hazikutungwa ili tuchague moja na kuitupa nyenzake. Zilitungwa ili tutazame jambo lililo mbele yetu, tujue ni ipi inayolihusu leo.

Tumsikilize kijana kwa haki, maana hoja yake si ya kipuuzi. Asema kwamba Mbangala ni mbali, zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam; hana mwalimu karibu, hana mwenziwe wa kusoma naye, wala hana vyombo vya kujaribia. Kambini atavikuta vyote hivyo mahali pamoja. Kwa nini asianze huko, kisha akirudi ajisomee mwenyewe?

Jibu letu ni kwamba kambi ya juma moja au mawili haina nafasi ya kuanzia. Mwalimu wa kambi hupita upesi juu ya mambo mengi: anwani za mitandao, njia za kupitishia habari, ulinzi, na hata namna ya kuviagiza vyombo vijiendeshe. Aliyekwisha kuyasoma hufurahi, maana mafundo yake hufunguliwa. Asiyeyajua huandika asubuhi, huandika jioni, na usiku haelewi alichokiandika. Hathubutu kuuliza, maana hajui hata aulize nini.

Mwaka 1885 mtaalamu wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha majaribio aliyoyafanya juu ya kumbukumbu yake mwenyewe. Alijifunza kwa moyo safu za silabi zisizo na maana, akapima kiasi alichosahau. Aliona kwamba marudio 38 yaliyogawanywa katika siku 3 yalimfaa sawasawa na marudio 68 yaliyorundikwa katika siku moja. Somo lilikuwa lilelile na kichwa kilikuwa kilekile. Kilichotofautiana ni mpango wa wakati tu. Haba na haba, walisema wazee wetu, hujaza kibaba, nao hawakuhitaji majaribio ili kulijua hilo.

Katika nchi yetu hii ya kusini magharibi walikuwako wafua chuma hodari, Wanyiha wa Mbozi na Wafipa wa upande wa Sumbawanga. Wafipa waliyayeyusha mawe ya chuma katika tanuru refu la udongo. Kilichopatikana wakakitakasa katika tanuru dogo. Ndipo mhunzi akakipiga nyundo hata kikawa jembe. Mwisho wa yote likaja jiwe la kunolea. Mtu angelipeleka udongo mwekundu kwenye jiwe la kunolea, jiwe lisingekuwa na kosa, wala udongo usingekuwa na kosa. Kosa lingekuwa la wakati. Kambi ya masomo ni jiwe la kunolea. Hunoa vizuri kilichokwisha kufuliwa, lakini kufua si kazi yake.

Liko jambo kubwa zaidi. Cheti ni neno analopewa mtu ambaye hakujui. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009, umefika Tunduma na kuungana na Zambia, na tangu mwaka 2019 nchi hizi mbili zina kituo cha pamoja cha mpakani, Tunduma na Nakonde. Mtandao ukikatika mahali kama hapo, malori husimama na madereva hulala njiani. Ukikatika hospitalini, mgonjwa hungoja. Mwajiri atakayemweka kijana wetu kuutunza mtandao wa namna hiyo hataweza kuufungua moyo wake aone kilichomo, ataamini karatasi. Karatasi ikisema “huyu ajua” naye hajui, basi uongo umesemwa, hata kama kila shilingi ililipwa kwa halali.

Na hapa ndipo pupa inapozaa kosa baya kuliko pupa yenyewe. Kijana aliyekwenda mapema mno, akiona siku ya mtihani inakaribia na kichwa ki kitupu, huanza kutafuta karatasi za maswali yaliyoibwa na majibu yake. Ziko, na wauzaji wake wako. Kila mtahiniwa huahidi kutoyatoa maswali ya mtihani nje, na cheti kilichopatikana kwa hila chaweza kufutwa. Lakini hata kisipofutwa, mwenyewe atajua. Hatusemi kwamba kila mwenye haraka ni mdanganyifu; twasema kwamba mara nyingi mtu huingia katika udanganyifu kwa sababu alijinyima mwenyewe wakati wa kuwa mkweli.

Je, tumempa mama ushindi? La, bado. Upo ugonjwa mwingine, nao hujificha nyuma ya busara. Ni ugonjwa wa yule asemaye kila mwezi, “Sijawa tayari, nitakwenda nikisha kuyajua yote.” Hatayajua yote, wala hakuna ayajuaye. Juni 2019 Cisco ilitangaza kwamba mtihani wa zamani wa cheti hiki ungekoma Februari 23, 2020. Waliokuwa wameukaribia walikuwa na miezi nane na ushei ya kumaliza safari. Waliosema “bado kidogo” mpaka siku ile ilipopita walikuta mlango umefungwa, ikawabidi wajipime upya kwa muhtasari mwingine. Mtandao hauwangoji wanafunzi wake. Alichokisoma mtu na kukiacha hupata kutu. Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, aliihesabu pupa kuwa kosa dhidi ya busara, akauhesabu na uzembe vilevile. Na kabla yake Aristotle alikuwa ameandika kwamba watu husema yapasa kufikiri polepole, kisha kulitenda upesi lililokwisha kuamuliwa. Mama na kijana kila mmoja ameshika nusu ya neno hilo.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Fedha ya ufuta isiende Dar es Salaam sasa. Iwekwe benki, kwa jina ambalo baba na mama wote wawili walijua. Sehemu ndogo itumike kwa kitabu na kwa kompyuta iliyokwisha kutumika, kama hana. Iko programu iitwayo Packet Tracer, ambayo Cisco huitoa bure, nayo humwezesha mtu kuunganisha ruta na swichi za kuigiza bila kununua hata moja. Kijana asome kila siku saa mbili, kwa miezi minne au mitano, hata mvua zitakaponyesha. Atafute mwenziwe mmoja Mkwajuni au Mbeya wa kuulizana naye. Asiyoyaelewa ayaandike katika daftari la peke yake. Daftari hilo ndilo mzigo wa kwenda nao kambini, maana mwenye maswali arobaini ya kweli atafaidi kambi kuliko mwenye daftari jeupe. Kisha achague kambi ambayo mwisho wake hauko mbali na siku ya mtihani, na siku hiyo aiweke kabla hajasafiri, ili woga usipate mahali pa kujificha. Na ada ya mtihani wa pili ibaki nyumbani, maana kushindwa mara moja si aibu. Aibu ni kuanguka juu ya fungu la dada yako.

Twajua kwamba kijana atauliza, “Nitajuaje kwamba nimeiva?” Ataiva atakapoona kwamba kusoma peke yake hakumwongezei tena maarifa, bali humwongezea wasiwasi tu. Hapo kungoja zaidi si busara tena.

Na kwa baba, ambaye hakusoma mambo haya, tunayo njia nyepesi. Jioni moja, baada ya chakula, mwambie mwanao aweke vitabu kando. Mwambie: uko mtandao mmoja wenye anwani 256; ugawe sawasawa kwa ofisi 4, unieleze kila ofisi itapata nini. Akikujibu bila kuhangaika kwamba kila moja yapata anwani 64, lakini kompyuta zaweza kupewa 62 tu, kwa kuwa ya kwanza ni jina la mtandao wenyewe na ya mwisho ni ya kuwaita wote kwa pamoja, endelea kumsikiliza. Muulize kwa nini. Akikueleza hata wewe mkulima ukaelewa, na mama yake akaelewa, na dada yake mwenye fungu katika fedha ile akatikisa kichwa kwa kukubali, basi wakati umefika. Mfungashieni chakula cha njiani, mkamsindikize kituoni.