Kupunja kwa Maneno

Ndugu zangu katika imani, Suratul Mutaffifin inaanza kwa onyo kali dhidi ya wapunjaji: watu ambao wakipimiwa hutaka kipimo kijae, na wao wakipima hupunguza. Tukiisikia sura hii humfikiria muuza nafaka na kibaba chake, au muuza nyama anayebonyeza mizani kwa kidole. Lakini kosa lenyewe ni kuwa na vipimo viwili, kimoja cha kupokelea na kingine cha kutolea, na mwenye vipimo viwili si lazima awe na mizani dukani. Mkataba nao hupimwa, na hupimwa kwa maneno. Mtu akisoma kifungu kinachompa haki akakijaza mpaka kikamwagika, kisha akasoma kifungu kinachomdai akakibana mpaka kikabaki kitupu, huyo amepunja, hata kama kila neno alilolitaja limo kwenye karatasi.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni. Ndani yake mna jambo tunalolipita haraka: anayeamrishwa kumtajia mwandishi maneno ni anayedaiwa. Siku hizi ni kinyume. Mwenye mali huja na karatasi iliyokwisha kuchapishwa, na mwenye shida huoneshwa tu pa kutia saini. Qur'ani imeyaweka maneno kinywani mwa atakayebeba mzigo, asije akafungwa na neno asilolijua. Aya hiyohiyo inataja faida za kuandika: uadilifu zaidi, ushahidi wenye nguvu zaidi, na kuondoka kwa shaka. Basi anayeficha utata ndani ya maandishi ili autumie kesho amekigeuza kitu kilicholetwa kuondoa shaka, akakifanya cha kuizalisha.

Chukua neno moja tu, gunia. Mnunuzi na mkulima wamepatana bei ya magunia 100 ya viazi, na siku ya kupakia mnunuzi anataka lumbesa, gunia lililoongezwa kichwa juu ya ujazo wake. Anajitetea kwa kanuni ya mafakihi kwamba ada huhukumu. Kanuni ni sahihi. Majalla, mkusanyo wa sheria za dola ya Uthmaniyya ulioanza kutolewa mwaka 1869, umeiweka miongoni mwa vifungu vyake vya mwanzo. Lakini msingi wa biashara katika Suratun Nisaa ni kuridhiana, na ada isiyoridhiwa na wote wawili ni mabavu ya mmoja wao. Watu wa Madyan nao walikuwa wamezoea kupunja, wala Nabii Shuaibu hakuwaacha kwa sababu wamezoea. Tena Tanzania lumbesa imekatazwa na sheria ya vipimo. Mkulima anayeikubali kwa kuwa lori ni moja na viazi vinaoza hakuridhia. Ameelemewa.

Wengi wetu mwambao huu ni Mashafii, na wapo watakaouliza: je, Imamu Shafii hakufundisha kwamba mkataba huhukumiwa kwa dhahiri yake, na ya moyoni aachiwe Mwenyezi Mungu? Ndivyo, na hoja yake ni nzito, kwani kadhi akianza kupekua nia za watu hautasimama mkataba hata mmoja. Ila hukumu ya kadhi ni jambo moja na uhalali wa mali ni jambo jingine. Katika Hadithi ya Ummu Salama iliyomo kwa Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa yeye huamua kwa anayoyasikia, na huenda mmoja akamshinda mwenzake kwa ufasaha; basi aliyeamuliwa haki ya nduguye amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume mwenyewe haimhalalishii mfasaha mali isiyo yake, wakili wako atakuhalalishia nini? Zanzibar, kwa mfano, inaijua vizuri bei khiyari. Mwenye shamba la mikarafuu alimuuzia tajiri shamba lake, akabakiza haki ya kulikomboa ndani ya muda fulani kwa kurudisha fedha, na muda wote huo akaendelea kukaa humo akilipa kodi. Kwa jina ni mauzo na ijara. Ondoa majina, utabaki na mkopo, rahani, na nyongeza juu ya mkopo. Karatasi zilikuwa safi, na mashamba yakaenda.

Na mwenzako akivunja mkataba? Hapo ndipo kile kipimo cha pili hutolewa mfukoni, na anayekitoa husema, "Yeye ndiye aliyeanza." Kwanza mtazame: ameshindwa, au amekataa? Aya ya 280 ya Baqara inataka mdaiwa mwenye dhiki apewe muda, na kumsamehe ni bora zaidi. Mwenye uwezo anayezungusha watu, ambaye kuchelewesha kwake Mtume (s.a.w.) amekuita dhulma, huyo mshitaki, na rahani yake iuzwe. Wako wanaodhani kuwa Hadithi inayokataza kumhini aliyekuhini inamtaka aliyedhulumiwa akunje mikono. Sivyo. Hind bint Utba alipolalamika kuwa mumewe, Abu Sufyan, hampi matumizi ya kutosha, Mtume alimruhusu achukue kinachomtosha yeye na wanawe kwa kadiri inayojulikana. Kinachomtosha, basi. Hiana huanza pale haki yako inapoishia: unadai malipo ya mwezi mmoja, unauza mashine nzima ya mwenzako.

Hata faini ya kuchelewa ina mpaka wake. Mwaka 2000, Baraza la Kimataifa la Fiqhi lenye makao yake Jeddah lilikutana Riyadh likakubali kifungu cha fidia katika mikataba ya fedha, isipokuwa pale wajibu wa asili ni deni, kwa kuwa hapo nyongeza ni riba. Kwa hiyo mkandarasi aliyechelewesha nyumba anaweza kutozwa kama mlivyoandikiana. Mnunuzi aliyechelewesha awamu ya malipo haongezewi hata shilingi. Na huyo mkandarasi mwenyewe hatozwi akithibitisha kuwa kilichomzuia kilikuwa nje ya uwezo wake, au kwamba mwenye nyumba hakupata hasara yoyote. Kusema "tuliandikiana" peke yake hakutoshi.

Basi ndugu yangu, kabla hujamwendea wakili au kadhi, mpe mwenzako karatasi akisome yeye kifungu mnachogombania, nawe umsikilize mpaka amalize. Ukiona kwamba ungekuwa upande wake ungekisoma kama alivyokisoma, mlipe leo.