Je, Samaki Ana Haki ya Njia Yake?

Masika yanapokolea, Mto Kilombero huvunja kingo na kufunika tambarare za Ifakara. Kambale na ningu huyafuata maji hayo hadi kwenye majani yaliyozama, huzaliana, kisha hurejea mtoni yanapokupwa. Mkunga wa maji baridi husafiri mbali zaidi: huzaliwa Bahari ya Hindi, hupanda mito akakulia bara, na akishapevuka hushuka tena baharini kuzaa na kufa. Lakini tangu Desemba 2022, Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kujazwa, Mto Rufiji umezibwa kwa ukuta wa kimo cha zaidi ya mita 130, na Kilombero inayoulisha iko juu ya ukuta huo. Hasara ya mvuvi tunaijua kuihesabu. Swali gumu ni kama samaki mwenyewe anatudai kitu.

Nasema anatudai, na nchi hii ilishakiri deni la namna hiyo. Mradi wa Kihansi, unaozalisha megawati 180 katika milima ya Udzungwa, ulipochukua maji ya maporomoko uliyakata manyunyu yaliyomlea chura mdogo asiyepatikana penginepo duniani. Hakuna aliyemla wala kumuuza. Hata hivyo yalitandazwa mabomba ya kumnyunyizia maji, wenzake wakatunzwa Marekani, na mwaka 2012, miaka mitatu baada ya kutangazwa kuwa ametoweka porini, akarudishwa kwao. Hata kama wafadhili walishinikiza, hoja inayobaki ni ya haki: kiumbe ana thamani yake kabla ya kutufaa sisi. Papa Fransisko aliliandika hilo katika waraka wake Laudato Si' mwaka 2015. Na Mwislamu anayejiita khalifa wa Mungu duniani hawezi kulikana.

Wapo wasemao haki huandamana na wajibu, na samaki hana wajibu. Mtoto mchanga naye hana, wala hatumnyimi haki. Hoja nzito ni umeme: mama anayepasuliwa usiku Ifakara anauhitaji, na sithubutu kumwambia asubiri. Ila haja yake haituruhusu kujenga popote na vyovyote. Wala ngazi ya samaki, yaani vidato vya maji vya kumpandishia ukuta, haitoshi kututuliza dhamiri. Ile ya Pak Mun, Thailand, bwawa lililokamilika mwaka 1994, samaki wengi walishindwa kuipanda, ikabidi milango ifunguliwe kwa miezi kadhaa kila mwaka. Ruhudji na Mnyera, mito inayoilisha Kilombero, imo katika mipango ya umeme. Wahandisi na wabunge wetu, chunguzeni njia za samaki kabla ya kuchagua mahali pa ukuta, na maji ya masika yawekewe fungu lake kisheria.