Mdundo wa Wengi, Jina la Nani? Suala la Deni katika Sanaa ya Kushirikiana

Umilikaji wa sanaa hujadiliwa zaidi kwa upande wa maneno. Mahadhi huachwa kando. Makala haya yanauliza: msanii anapotunga juu ya msingi uliowekwa na mwingine, anawiwa nini?

Rege ya Jamaika inatupa mfano bayana. Mnamo 1967 kundi la Sound Dimension lilirekodi katika Studio One, mjini Kingston, muziki wa ala tupu ulioitwa "Real Rock". Mwishoni mwa miaka ya 1970 Willie Williams aliuimbia mdundo huohuo "Armagideon Time", nao Papa Michigan na General Smiley wakauimbia "Nice Up the Dance". Mdundo wa aina hii, uitwao ridimu, hupokewa na waimbaji wengi, kila mmoja kwa maneno yake.

Mtetezi wa desturi hii atadai kwamba ridimu ni kama bahari ya ushairi: hakuna malenga wa Kiswahili anayeomba ruhusa kutumia mizani kumi na sita. Hoja hii ina uzito, lakini haitoshi. Bahari ya shairi ni zao la vizazi. Ridimu ina wapigaji wanaojulikana, ambao mara nyingi walilipwa ujira wa kazi tu, umilikaji ukabaki kwa mwenye studio.

Jadi ya Wasomali, ambayo wafugaji wa Kutulo, Kaskazini Mashariki mwa Kenya, ni miongoni mwa warithi wake, hutenganisha vyema hali hizi mbili. Nyimbo za kunyweshea ngamia hazitajiwi mtunzi: kazi ni ya wote, na wimbo ni wa wote. Gabay, yaani utenzi mzito wa hoja, una mwenyewe. Anayeughani hupaswa kumtaja mtunzi na kutobadili maneno yake. Hata hivyo, ushairi wenye mtunzi hauzuii kushirikiana. Katika silsila ya Deelley ya 1979 na 1980, iliyoanzishwa na Gaarriye, washairi wengi, Hadraawi akiwamo, walijibizana kuhusu ukabila, wote wakishika sauti ya "d" katika kila mshororo. Msingi ulikuwa mmoja, lakini kila shairi lilibaki na jina la mtunzi wake.

Ni dhahiri, basi, kwamba kushirikiana si wizi. Dhuluma huanza pale jina linapofichwa. Ujira humaliza deni la jasho. Haumalizi deni la jina.

Suala hili linatuhusu sisi wahakiki pia. Tunapokusanya tungo za wafugaji na kuandika chini yake "wimbo wa jadi", yatupasa kwanza kuuliza iwapo kweli hauna mtunzi, au ni sisi tusiomuulizia. Mghani wa gabay, asiyeshika kalamu, hutimiza wajibu huo kabla ya kuanza kughani. Msomi hana udhuru wa kufanya pungufu ya hapo.