Ndege na Tawi Bichi

Sisi wakazi wa Gatuanyaga, mashariki ya Thika, hatuhitaji kuelezwa moto wa kiangazi. Januari na Februari nyasi hukauka kabisa, na cheche moja ya mchoma makaa, au ya mwenye kusafisha shamba, hutosha.

Machi 2012, Mlima Kenya ulipoungua, helikopta zilipelekwa kusaidia. Ni msaada mkubwa, wala simbezi rubani. Lakini maji yamwagwayo kutoka angani hupunguza ukali wa mwali tu. Makaa yaliyojificha katika mizizi na mboji hubaki yakifuka, na upepo ukivuma huamka tena. Wa kuyaua ni mtu aliyesimama chini na jembe au tawi bichi. Oktoba 2020, Mlima Kilimanjaro ulipowaka, mamia ya watu walipanda kuupiga moto kwa mikono.

Basi swali langu, enyi vijana, ni hili: yule anayesimama barazani akiitazama ndege, akasema serikali imekwisha kufika, je, amelipa deni lake? Hoja yake si bure. Analipa kodi, na kodi ndiyo mafuta ya ndege. Walakini kodi hununua chombo, hainunui ujirani. (Tena hao wasemao hivyo mara nyingi ndio wauliao kwa nini ndege imechelewa.) Ndege hutoka mbali, na moto hausubiri. Katika saa ile ya kwanza, kabla ya mlio wowote kusikika angani, mwenye jembe lililo karibu ni nani ila yeye?