Mkuki uliobaki ndani ya mkono

Mwanafunzi mmoja aliniuliza mu darasa: "Mwalimu, kama mchezo ulizaliwa kwa ajili ya kuua watu, mtu anaweza kuucheza na moyo safi?" Alikuwa anawaza zile filme za Wachina ambazo vijana wetu wanaangaliaka sana. Nilishindwa kumujibu palepale.

Tuchukue xingyiquan. Jina lenyewe linasema: xing ni umbo, yi ni nia, quan ni ngumi. Mapokeo yao yanasema Ji Jike, mtu wa Shanxi wa karne ya 17, alikuwa fundi wa mkuki, kisha akageuza kazi ya mkuki kuwa kazi ya mikono mitupu. (Wengine wanapandisha mpaka kwa jemadari Yue Fei wa karne ya 12, lakini ile ni hadisi tu.) Angalia namna wanavyosimama: mkono moja mbele, mwingine karibu na tumbo, sawa vile bado wanashika mti wa mkuki.

Na hisia inatoka wapi? Mikuki mbili ikigusana, yule anayengoja jicho limwambie amekwisha kuchelewa. Lazima asikie nguvu ya mwenzake kupitia ule mti. Katika taijiquan, ambayo watu wa kijiji cha Chenjiagou, kule Henan, waliilea, kuna zoezi la wawili kusukumana polepole, mikono imegusana. Ujuzi ule wanauita ting, ndiyo kusema kusikiliza. Wanasikiliza kwa ngozi.

Neno zuri, kusikiliza. Lakini hapo wengi wetu tunadanganyika. Tunawaza kwamba anayesikia vizuri mwili wa mwenzake amekwisha kuwa mtu mwema. Hapana! Mwizi wa sokoni naye anasikia vizuri sana mfuko wako. Mwenye mkuki alimusikiliza adui juu apate nafasi ya kumuchoma. Hisia inaonyesha mlango. Nia njo inachagua kuingia ama kuacha.

Tena kuna jambo lingine, na kwangu ndilo zito. Mtu asiye na hisia akipiga, anaweza kusema: sikujua kama alikuwa anaanguka tayari. Yule aliyefundishwa kusikia hana neno lile. Amesikia miguu ya mwenzake imepoteza nguvu, anajua amekwisha kumushinda. Akiongeza pigo, ameongeza kwa kutaka. Deni lake ni kubwa kuliko la mwenye ngumi kipofu.

Mwaka 1956 serikali ya Uchina ilitoa taijiquan fupi ya miondoko 24 kwa afya ya watu wote, na mwaka 2020 UNESCO iliiandika taijiquan katika urithi wa binadamu. Wazee wanaoicheza asubuhi mu bustani hawaui mtu.

Nilipomuelezea mwanafunzi wangu hayo yote, alisema: "Basi wangetupa mkuki kabisa." Hawakuutupa. Mpaka leo walimu wengi wanafundisha mkuki mrefu, wenye mti unaopindika bila kuvunjika, juu kosa dogo la mkono linaenda kuonekana kubwa kule kwenye ncha.